Zana za Fundi ni Deni la Mwajiri

Baba Mtakatifu Leo XIV, alipowaeleza Makardinali mwezi Mei 2025 kwa nini alilichagua jina hilo, alimtaja Leo XIII na waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891 kuhusu hali ya wafanyakazi. Tunapourejea waraka huo, wengi wetu hukimbilia suala la ujira wa haki, na ni vema. Lipo hata hivyo jambo linalokaa jirani na ujira, ambalo waajiri wengi, zikiwemo shule na hospitali zetu za Kanisa, hulipita juu juu: zana anazokabidhiwa fundi wa matengenezo.

Tumfikirie fundi umeme wa shule ya bweni. Koleo lililotengenezwa kwa ajili ya kazi ya umeme hupimwa na kuwekewa alama ya volti 1000, ilhali umeme wa majumbani mwetu ni volti 230. Koleo la bei ya chee lina mpira wa kushikia tu, ambao haukukusudiwa kumkinga mtu. Kwa macho yanafanana. Katika fomu ya manunuzi yanafanana zaidi, kwa kuwa fomu huandika “koleo 1”, na mhasibu huchagua bei ya chini. Fedha iliyookolewa itasomwa katika taarifa ya mwaka. Hatari aliyobebeshwa fundi haitasomwa popote. Wapo hata wanaoambiwa waje na zana zao wenyewe, kana kwamba mshahara wao ni mkubwa!

Hata pasipo hatari ya kifo, hasara ipo. Spana iliyolika hula pembe za nati, na kazi ya dakika tano humeza asubuhi nzima. Kisha fundi huitwa mvivu.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi hutangulia mtaji. Zana ni sehemu ya mtaji. Zipo kwa ajili ya mtu anayezishika. Mwaka huohuo Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani uliweka wazi kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote.

Katika vikao vya fedha hoja ya wizi haikosekani: zana nzuri hupotea. Si hoja ya uongo. Lakini dawa yake ni kabati lenye kufuli na daftari la makabidhiano, si kununua kitu kibovu ambacho hakuna atakayekitamani.

Najua pia kwamba parokia ya kijijini haiwezi kununua vyote kwa mkupuo. Basi ianze na vile vinavyosimama kati ya mwili wa fundi na kifo: koleo, testa, ngazi imara, glavu. Toroli na rangi vinaweza kungoja bajeti ijayo. Na kabla ya kuagiza, fundi mwenyewe aitwe kikaoni ataje aina anayoihitaji, nayo iandikwe hivyo katika fomu.