Marufuku Peke Yake Haitulindi na Mionzi

Hapa Kisangani, taka zenye mionzi zikitajwa, wanasheria wetu hujibu haraka: Katiba imeshazikataza. Imani hiyo ni hatari.

Kifungu cha 55 cha Katiba ya Kongo ya 2006 ni kikali kweli. Kinaita uhalifu kupitisha, kuingiza, kuhifadhi, kufukia au kumwaga majini taka za sumu na za mionzi, ziwe zimetoka nje ya nchi au hapana. Kisome tena: hata kuhifadhi! Sasa hospitali inayotibu tezi ya shingo kwa iodini-131 ifanye nini na glavu, sindano na mashuka yaliyoguswa na dawa? Iodini hiyo hupungua nusu kila siku 8. Ikifungiwa kwa siku 80, hubaki karibu sehemu moja kati ya elfu, na hapo taka hizo zaweza kutupwa pamoja na nyingine za hospitali. Kuzihifadhi ndiko usalama wenyewe. Anayeogopa kuitwa mhalifu atazitupa usiku, wala hataandika popote.

Novemba 2007, zaidi ya tani 15 za madini yenye mionzi yaliyokamatwa Katanga ziliamriwa zipelekwe kwenye shimo la mgodi wa zamani wa Shinkolobwe. Zikaishia katika mto Mura, karibu na Likasi. Katiba ilikuwepo. Sheria ya mionzi nambari 017/2002 ilikuwepo. Kinachofikisha lori shimoni ni mtu anayelisindikiza na kutia sahihi kwamba mzigo umefika. Maji ya upande ule hushukia Lualaba, na Lualaba ndiyo inayopita hapa kwetu kwenye maporomoko ya Boyoma, penye mitego ya wavuvi Wagenya. Umbali ni mkubwa na maji ni mengi, sitaki kumtia mtu hofu ya samaki. Lakini asiniambie mtu kwamba hayo ni mambo ya Katanga tu.

Kule Goiânia, Brazil, mwaka 1987, zahanati iliyohama iliacha mashine yenye sesiamu-137. Waokota vyuma wakaivunja: watu 4 walikufa, 249 wakachafuliwa. Haikuwa taka ya kigeni iliyopenyezwa mpakani.

Bunge litenge daraja la taka zenye mionzi hafifu, kama hizo za hospitali, liseme zinahifadhiwa wapi na kwa siku ngapi. Kamati ya kitaifa ya kujikinga na mionzi, CNPRI, iweke hapa jimboni Tshopo mtu mwenye daftari la kila chanzo cha mionzi kilichomo. Na mkataba wa kununua kifaa chenye chanzo cha mionzi usitiwe sahihi kabla muuzaji hajakubali kukichukua kitakapozeeka.