Akilia anadeka, akinyamaza haumwi

Tunapozungumzia maumivu, tusiwasahau wagonjwa wa selimundu. Chembe nyekundu za damu yao hujikunja mfano wa mundu, huziba mishipa midogo, na mifupa hukosa oksijeni. Mara nyingi hakuna jeraha la kuonyesha, ndiyo maana kijana anayerudi hospitali kila baada ya muda mfupi huambiwa anadeka au amezoea sindano. Akilia, anajifanya; akinyamaza, haumwi. Ashike lipi?

Tusisingizie uhaba wa dawa peke yake. Morfini ya maji si dawa ya gharama kubwa, na Uganda ilishaonyesha njia: tangu 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu wanaruhusiwa kuwaandikia wagonjwa dawa hiyo. Linalobaki ni kumwamini mgonjwa. Muulize maumivu yamefika ngapi kati ya sifuri na kumi, andika jibu lake, mpe dawa, kisha rudi umuulize tena.

Na mama anayemuuguza je? Yeye ndiye anayejua shambulio huanzaje na dawa ipi ilisaidia mara iliyopita, lakini madaktari wakipita wodini, mama huyo hutolewa nje. Aulizwe, na mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, mama apewe maelezo ya dozi kwa maandishi pamoja na namba ya kupiga usiku.

Nasi ndugu tusingoje kuombwa. Pole haitoshi: shika zamu ya usiku mmoja ili mama alale, au mlipie nauli ya kliniki. Anayeuguza naye huchoka.