Michezo ya Video na Mhakiki wa Fasihi: Hoja Dhidi ya Wapenda Ukubwa

Wamezuka miongoni mwetu wahakiki ambao, baada ya kuidharau michezo ya video kwa muda mrefu, sasa wanaikaribisha katika semina za fasihi. Lakini wamekosea mlango. Huichagua ile iliyogharimu mamilioni ya dola, na sababu wanayoitoa ni kwamba ina wahusika waliosawiriwa vyema, mazungumzo yenye mnato na mandhari ya kuvutia. Yaani wanaisifu kwa kuwa inafanana na filamu. Tunashikilia kwamba sababu hiyo ndiyo inayopaswa kututia shaka. Mhakiki anayetaka kujua utanzu huu una nini ambacho riwaya haina, hana budi kuanza na kazi za watunzi huru, wale wanaotunga peke yao au katika vikundi vidogo.

Tuchukue The Last of Us Part II, kazi ya mwaka 2020 ambayo nyaraka za mahakama nchini Marekani zilifichua mwaka 2023 kuwa iligharimu takriban dola milioni 220. Dhamira yake ni kisasi na jinsi kinavyomla anayekitafuta. Haikosi ustadi: maadui huwataja kwa majina wenzao waliouawa, ili mchezaji auonje uzito wa alilolitenda. Hata hivyo, kuna mahali ambapo mhusika mkuu, Ellie, anampiga mateka ili amtoe siri, na hadithi haisongi mpaka mchezaji abonyeze kitufe. Njia nyingine haipo. Mchezo unaamuru tendo, kisha unamlaumu aliyetii.

Kasoro ya jamii hii si ngeni. Mwaka 2007 mtunzi wa michezo Clint Hocking, akiuhakiki mchezo wa BioShock, alibuni istilahi ya kuutaja ukinzani kati ya kinachosimuliwa na kinachotendwa. Kufikia mwaka 2016 ukinzani huo ulikuwa umegeuzwa mzaha: katika Uncharted 4, mchezaji anayewashinda maadui 1,000 hutunukiwa tuzo iliyopewa jina la istilahi hiyo hiyo ya Hocking. Wenyewe waliiona kasoro, wakaicheka, wakaiacha ilipo. Na wangeiondoaje? Anayetumia fedha kiasi hicho hana budi kuuza nakala mamilioni, kwa wanunuzi waliozoea kupiga risasi. Aghalabu namna ya kucheza huwa imekwisha kuamuliwa, na msimulizi huitwa kuja kuipamba.

Sasa tutazame Papers, Please, mchezo wa mwaka 2013 uliotungwa karibu wote na mtu mmoja, Lucas Pope. Michoro yake ni duni kwa makusudi. Mchezaji ni karani wa uhamiaji mpakani mwa Arstotzka, nchi ya kubuni. Hulipwa kwa idadi ya watu anaowashughulikia bila kosa. Akikosea hupewa onyo, kisha hukatwa pesa. Jioni huamua kama familia yake italala na njaa au na baridi. Siku moja anapita mwanamume mwenye hati kamili, anayeomba mkewe ahurumiwe. Mke anafuata nyuma yake, hana kibali cha kuingia. Mwenye huruma atampitisha na kuandikiwa kosa. Mwenye kuhesabu shilingi zake atamrudisha. Hakuna msimulizi anayetuambia kwamba urasimu huua utu. Tunauona ukiua, nasi ndio wenye muhuri mkononi. (Msomaji wa Kenya, ambaye babu yake alining'inizwa kipande shingoni, hahitaji kuelezwa karatasi inaweza kumfanya nini mtu.) Hapa kanuni za mchezo ndizo maudhui, na fani haiwezi kubanduliwa ikabaki hadithi.

Watakaodai kwamba kazi yenye maneno machache kiasi hiki si fasihi, watueleze wamekuwa wapi tangu mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipotaka Idara ya Kiingereza mjini Nairobi ivunjwe na fasihi simulizi ipewe kiti chake. Sisi tunaofundisha kwamba hadhira ya ngano ni sehemu ya utunzi, tungekuwa wa mwisho kushangazwa na mchezaji.

Hatusemi kwamba uchache wa fedha ni kipaji. Michezo huru mingi ni takataka, na mingine huiga ile mikubwa kwa rangi hafifu zaidi. Lakini yapo mambo ambayo hatujayaona kwingine. Katika Undertale ya Toby Fox, ya mwaka 2015, mchezaji anaweza kufika mwisho bila kumuua yeyote. Akimuua Toriel, aliyemlea, kisha akaurudisha mchezo nyuma ili amwache hai, mhusika Flowey humkumbusha alilotenda mara ya kwanza. Nadharia zetu za upokezi zimemjadili msomaji kwa miongo mingi. Hazijajiandaa kwa matini inayomkumbuka msomaji huyo. Wapenda ukubwa na watuonyeshe ni wapi dola milioni 220 zilinunua jambo kama hilo.