Wimbo Hauhitaji Nauli ya Nairobi

Muulize kijana yeyote wa Machakos anayeimba kwa nini wimbo wake haujatoka, naye atakujibu kwamba anatafuta pesa za kwenda studio Nairobi. Hatakwambia kuwa mashairi hayajakaa sawa, wala kuwa gitaa bado linahitaji mazoezi. Wimbo upo, sauti ipo, wapigaji wapo. Kinachongojwa ni nauli, ada ya studio na siku ya kupangiwa. Mzazi anakubaliana naye. Marafiki wanakubaliana naye. Akithubutu kurekodi chumbani kwake kule Katoloni au Mumbuni, kazi yake inaitwa demo hata kabla haijasikilizwa.

Imani hii, kwamba muziki halisi hutoka studio ya jiji na kwamba kinachorekodiwa nyumbani ni majaribio, imekaa Ukambani muda mrefu kiasi kwamba hakuna anayeidai ushahidi. Mimi naudai leo. Imani hii ni ya uongo, na inatugharimu vitu vitatu: pesa zetu, umiliki wa kazi yetu na ladha ya muziki wetu.

Haikuzuka hewani, nakiri. Kuna wakati ilikuwa kweli. Miaka ya 1960, mwanamuziki Fadhili William na wenzake walipokuwa wakirekodi Equator Sound Studios jijini Nairobi, kazi hiyo ilidai mashine za tepu ambazo mtu binafsi hakuweza hata kuziota, fundi wa kuziendesha na kiwanda cha kuchapa santuri. Kakai Kilonzo, ambaye bendi yake ya Kilimambogo Brothers iliitwa kwa jina la mlima ulio kaskazini mwa kaunti yetu, hakuwa na njia nyingine ya kulifikisha gitaa la Kikamba kwa taifa zima ila kupitia kampuni za jiji. Alipofariki mwaka 1987, hali ilikuwa bado ni hiyo. Aliyesema wakati huo kwamba lazima uende Nairobi alisema kweli, kwa sababu mashine zilikuwa Nairobi.

Leo mashine ziko wapi? Ziko mezani kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Machakos. Laptopu ya kawaida hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, kiwango kilekile cha CD tangu ilipoingia sokoni mwaka 1982, na wengi siku hizi hurekodi kwa 48,000. Tepu nzuri ya zamani, bila kifaa cha kupunguza mvumo, ilikupa nafasi ya desibeli kama 60 hadi 70 kati ya mvumo wake na sauti kubwa kabisa iliyoweza kuibeba. Kadi ya sauti ya nje ya biti 24, yenye matundu mawili, moja la maikrofoni na moja la gitaa, hukupa nafasi ya desibeli 144 kwa hesabu ya karatasini. Ukiondoa mapungufu ya vifaa vyenyewe, bado unabaki na zaidi ya 100. Kifaa hicho bei yake haizidi ya simu nzuri ambayo kijana huyohuyo anatembea nayo mfukoni.

Programu nazo? Audacity ni ya bure kabisa. Reaper leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60. FL Studio, iliyozaliwa Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, ukishainunua hupewa matoleo mapya yote bila kulipa tena. Hapa niseme wazi jambo linaloniudhi. Mwanamuziki anayelalamika kwamba wimbo wake unasambazwa bila malipo, huku biti zake anazitengeneza kwa programu ya wizi aliyopewa kwenye flashi, hana mdomo wa kulalamikia. Isitoshe, programu hizo za wizi mara nyingi huja na virusi vinavyoweza kula kazi yako yote usiku mmoja. Kama cha halali kinapatikana bure, kuiba ni mazoea tu, wala si umaskini.

Walionitangulia kuelewa jambo hili ni wengi. Mwaka 1982 Bruce Springsteen wa Marekani alitoa albamu ya Nebraska iliyorekodiwa chumbani kwake kwenye kaseti ya njia nne. Alikwisha kujaribu kuzirekodi nyimbo hizo upya studioni na bendi nzima, lakini kaseti ikazishinda juhudi hizo, na kaseti ndiyo iliyotolewa. Albamu ya kwanza ya Billie Eilish ilitengenezwa na kaka yake, Finneas, chumbani katika nyumba ya wazazi wao mjini Los Angeles. Mwaka 2020 ikashinda Grammy ya albamu bora ya mwaka. Mtu atasema hao ni Wamarekani. Basi tutazame Dar es Salaam. Muziki wa singeli ulitoka mitaani, na studio ndogo ya Sisso iliyoko Mburahati ilitoa sauti iliyokusanywa katika albamu ya Sounds of Sisso mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Baada ya hapo vijana wa studio hiyo wakapanda majukwaa ya Ulaya. Hata Nairobi tunayoihofu, muziki wake wa genge uliinuliwa na Calif Records, studio iliyochukua jina la mtaa wa California kule Eastlands. Jiji lenyewe lilijipatia sauti yake kutoka mtaani. Sisi tunapanda matatu kuifuata.

Najua hoja itakayofuata: mbona nyimbo nyingi za nyumbani zinasikika vibaya? Ni kweli, nyingi zinasikika vibaya. Lakini tuitafute sababu yenyewe. Mara nyingi si kifaa. Ni chumba. Chumba chetu cha kawaida kina kuta za mawe, sakafu ya saruji na paa la mabati. Sauti ikitoka kinywani inagonga ukuta na kurudi kwenye maikrofoni ikiwa imechelewa kidogo, na hapo ndipo unapopata ule mlio wa ndani ya tangi ambao msikilizaji huutambua mara moja. Ukinunua maikrofoni ghali zaidi, itakinasa kilio hicho cha ukuta kwa usafi zaidi.

Na dawa ya chumba si trei za mayai. Nimeziona zimebandikwa ukutani kwa fahari katika vyumba vingi, na inafaa mtu aseme ukweli: ni karatasi nyepesi, hazizuii sauti kutoka wala kuingia. Zinapunguza kidogo mng'aro wa sauti za juu na kuuacha mvumo wa chini kama ulivyo, maana wimbi la sauti ya hezi 100 lina urefu wa zaidi ya mita 3, na trei kwake si kitu. Zikishika moto, ni balaa. Kinachosaidia ni uzito na unene: godoro lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji, mablanketi mazito yaliyoning'inizwa mbali kidogo na ukuta, kabati lililojaa nguo. Vitu hivyo vipo katika kila nyumba.

Mengine ni nidhamu. Simama kama sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maikrofoni. Kilele cha sauti kibaki kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri. Taa nyekundu ikiwaka, sauti imekatwa na hakuna fundi wa jiji atakayeirudisha. Unaporekodi, weka bafa, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta huishika kabla ya kuichakata, kwenye sampuli 128, ambayo kwa kipimo cha 48,000 ni uchelewaji wa takriban milisekunde 3. Unapochanganya, ipandishe hadi 1,024 kompyuta ipate kupumua. Rekodi alfajiri, kabla ya bodaboda na vipaza sauti vya makanisa. Umeme ukikatika, betri ya laptopu inaendelea na kazi, na mara nyingi hata ule mvumo wa nyaya za umeme unapungua. Kuyajua haya hakuhitaji shilingi. Kunahitaji subira, na subira ndiyo tunayoikwepa tunapokimbilia kusema vifaa hatuna.

Tena muziki wetu wenyewe hauhitaji chumba kikubwa kama muziki mwingine mwingi. Benga ya Kikamba imesimama juu ya magitaa ya umeme: la kuongoza, la kujibu na la besi. Gitaa la umeme huchomekwa moja kwa moja kwenye kadi ya sauti, halisikii ukuta wala mvua juu ya mabati. Wapigaji watatu wanaweza kurekodi mmoja baada ya mwingine sebuleni, kila mtu na hedifoni yake, na kurudia kipande kilekile mpaka kikae.

Neno hilo la kurudia ndilo kiini cha hasara yetu kubwa. Benga haina haraka. Mwimbaji husimulia kisa chake kwanza, ataje watu na vijiji, kisha maneno hupungua, magitaa hushika usukani, na hapo ndipo wachezaji huinuka. Enzi ya santuri ndogo ya mizunguko 45, wimbo ulilazimika kukatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande ule, kwa sababu upande mmoja ulibeba dakika chache tu. Leo hakuna santuri inayotubana, lakini kijana anayelipia studio kwa saa amejifunga kitanzi kilekile. Saa inakimbia, gitaa halijakolea, prodyuza ana mteja mwingine mlangoni, na biti inayotumika ni ile iliyotumiwa na mteja wa jana. Wimbo unatoka ukiwa safi na hauna kwao. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tunalipa ili tukacheze ugenini kwa mdundo wa mwenyeji.

Kuna na mali. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamtambua kuwa mtunzi wa rekodi ya sauti yule aliyefanya mipango ya rekodi hiyo kutengenezwa, na ulinzi wake ni miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Mwanamuziki anayeingia studio bila mkataba wa maandishi anafungua mlango wa ugomvi: nani alipanga, nani alilipa, nani anashika faili za awali? Anayerekodi kwake kwa vifaa vyake hana swali hilo. Faili ni zake, rekodi ni yake, na akitaka ushahidi wa ziada anaweza kuisajili kazi yake kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Wangapi miongoni mwetu wanaimba nyimbo ambazo faili zake ziko kwenye kompyuta ya mtu mwingine?

Sisemi Nairobi haina maana. Bendi nzima yenye ngoma za kupigwa kwa mkono na tarumbeta inahitaji ukumbi mzuri na maikrofoni nyingi. Ikodisheni siku moja, mkiwa mmeshajifunza wimbo hadi mwisho. Sikio la mtu wa pili katika umaliziaji wa kazi lina thamani, na faili hutumwa kwa intaneti bila mtu kupanda gari. Wakili yuko Nairobi, mapromota wako Nairobi. Waendeeni hao. Lakini msikilizaji wa Musyi FM au Mbaitu FM, anayeusikia wimbo kwenye redio ya duka au spika ya matatu, hajawahi kuuliza ulirekodiwa wapi. Redio ya FM yenyewe haipitishi sauti zaidi ya hezi 15,000. Anachouliza ni kama wimbo umemgusa.

Wachongaji wa Wamunyu, katika kaunti hiihii, wameuza vinyago duniani kote kwa kazi ya tezo na patasi chini ya kivuli cha mti, na hakuna aliyewaambia wangoje karakana ya jiji ndipo waitwe mafundi. Mwanamuziki wa Machakos anastahili heshima hiyohiyo, na ya kwanza ajipe mwenyewe.

Kwa hiyo nawaomba wazazi: fedha mlizomwekea mtoto kwa safari ya studio, mnunulieni kadi ya sauti, maikrofoni moja imara na hedifoni, kisha mwacheni afunge mlango. Watangazaji, acheni kuuliza wimbo ulitoka studio gani kabla ya kuucheza. Na wewe kijana uliye na wimbo kichwani tangu mwaka jana, simamisha godoro, washa laptopu, anza leo usiku. Ukikosea, futa na urudie. Hakuna mtu anayekuhesabia saa.