Mdosi Ameona Stetasi Yako. Sasa Anaweza Kukupiga Kalamu?

Ni saa nne usiku. Umetoka job, mathree imekwama kwa jam ya Outering na salo bado haijaingia, na leo ni tarehe 9. Unafungua WhatsApp, unaandika kwa stetasi: "Hapa kwetu hatulipwi, tunajengea tu watu magorofa." Unaweka emoji mbili za kucheka, unalala.

Asubuhi unapata mesej ya HR: "Usikuje leo. Tutakuita."

Kama hii risto inakaa kama yako, keti tuongee. Na kama bado haijakufikia, soma tu, juu namba ya mdosi wako iko kwa simu yako na yako iko kwa yake, na wewe hata hukumbuki kama ulimficha.

Jibu la haraka ni ndio, mdosi anaweza kukuadhibu juu ya kitu umeposti. Najua mbogi ya X itakwambia Katiba iko na uhuru wa kujieleza. Ni ukweli, iko Kifungu cha 33. Shida ni watu husoma mwanzo pekee. Hicho hicho kifungu kinasema ukitumia huo uhuru lazima uheshimu haki na jina la wengine, na matusi ya chuki na uchochezi hayalindwi kabisa. Halafu kuna Sheria ya Ajira ya 2007, sehemu ya 44, yenye inataja makosa makubwa yanaweza kufanya ufutwe on the spot. Moja yake ni kumtusi mwajiri au mtu amewekwa juu yako kazini. Sheria haijasema lazima umtusi uso kwa uso. Ukimwita supavaiza wako mbwa kwa TikTok, hujajificha popote.

Kuna ile ingine ya "lakini nilikuwa nje ya kazi, na sikutaja jina." Hii imezamisha wasee wengi. Afrika Kusini, 2011, wafanyakazi wawili wa kampuni inaitwa Krisray walikuwa wanawachoma wadosi wao kwa Facebook. Hawakutaja jina la kampuni wala la mtu yeyote. Lakini akaunti zao zilikuwa wazi, yeyote angesoma, na yeyote anajua ofisi yao angejua ni nani anaongelewa. Walifutwa, wakaenda kwa CCMA, ile tume yao ya kusuluhisha migogoro ya kazi. CCMA ikasema kufutwa kulikuwa sawa.

Mwaka uliofuata, 2012, ikatokea ingine Uingereza yenye ilienda upande ule mwingine. Meneja wa shirika la nyumba linaitwa Trafford Housing Trust aliandika kwa Facebook yake, wikendi, maoni yake kuhusu ndoa za jinsia moja kanisani. Kazi ikamshusha cheo na kumkata mshahara. Korti ikasema hapana: huo ukurasa ni wake, alikuwa anaongea mambo yake, na hakuna mtu timamu angedhani ni kampuni inaongea. Alishinda. Pesa alipewa? Chini ya pauni 100. Yaani unaweza shinda kesi na bado ukose doh ya kununua viatu.

Hizo kesi mbili hazimfungi jaji wa Kenya, lakini zinakuonyesha mahali mstari uko. Swali ni kama hiyo posti inagusa kazi. Nesi akiposti mgonjwa, hata kama uso umefichwa, amegusa kazi. Msee wa benki akiweka skrini yenye iko na akaunti ya kastoma, amegusa kazi, na hapo kampuni yenyewe inaweza kujipata mashakani na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Dereva akienda laivu akiwa kwa usukani, sidhani hata kuna cha kubishana.

Lakini ukiposti vile Arsenal imekuumiza roho, ama picha zako za klabu Ijumaa ukiwa ofu, mdosi anaweza kununa tu. Kununa si sababu halali ya kumfuta mtu.

Sasa ile ya Naivasha. Kila ofisi iko na huyu msee. Jumatatu ametuma mesej, "nimeamka na tumbo", Jumanne beshte yake anamtag akiwa kwa boti na glasi mkononi. Watu husema alifutwa juu ya Instagram. Zii. Alifutwa juu ya uongo. Sheria inakupa angalau siku 7 za ugonjwa kwa mwaka na mshahara wote, na zingine 7 za nusu mshahara, ukishafanya kazi miezi miwili, lakini inataka karatasi ya daktari. Instagram imekuwa shahidi tu. Hii tofauti ni ya maana juu watu wengi wanaenda kupigania haki ya kuposti, kumbe kesi yao ni ya kukosa kazini bila ruhusa.

Na siasa je? Hii iliuma watu sana Juni 2024, wakati wa Mswada wa Fedha, timelaini zote zimejaa hashitegi na watu wanaenda tao na chupa ya maji na bendera. Wadosi wengine walianza kutuma memo za "tusijihusishe". Jua hivi: sehemu ya 46 ya Sheria ya Ajira inataja maoni ya kisiasa kati ya sababu zenye haziwezi kutumika kukufuta. Iko hapo pamoja na kabila, dini na ujauzito. Kama ni mtumishi wa umma mambo ni tofauti kidogo, juu maadili ya kazi ya serikali yanakutaka usiegemee upande. Na kama siasa yako ni ya kutukana kabila la mtu, hiyo haiitwi tena maoni. Hiyo ni chuki, na kuna sheria ya 2008 ya uwiano na utangamano inaweza kukungoja hata kabla HR afike.

Haya, mdosi ako na haki. Lakini angalia vile anafaa kuitumia, juu hapa ndio wadosi wa Kenya wanachomanga sana.

Sehemu ya 41 inasema kabla akufute juu ya makosa ya nidhamu, lazima akueleze sababu, kwa lugha unaelewa. Lazima akuruhusu kukuja na mfanyakazi mwenzako ama mtu wa yunioni, wewe ndio unachagua. Na lazima akusikize, nyinyi wawili, kabla aamue. Hata kama ni lile kosa kubwa la kufutwa papo hapo, bado anafaa akusikize kwanza. Mesej ya "usikuje leo" si kikao. Kukutoa kwa grupu ya WhatsApp ya kazi si kikao, hata kama inauma kama barua.

Kwa hivyo hata kama uliposti ujinga mtupu, mdosi akiruka hiyo hatua anaweza kushindwa kortini. Korti ya Ajira inaweza kukupa fidia hadi mshahara wa miezi 12, ule wa jumla kabla ya makato. Usikimbie kuhesabu, hiyo ndio ya juu kabisa, na jaji anaangalia pia kama mwenyewe ulichangia kufutwa kwako. Kila tusi uliandika linaweza kula miezi yako.

Skrinshoti nazo? Zinakubalika kama ushahidi, lakini mtu hawezi tu kuprinti kitu na kuweka kwa meza ya jaji. Sheria ya Ushahidi, sehemu ya 106B, inataka cheti cha kueleza hiyo picha ilitolewa wapi na kwa mtambo gani. Wewe pia weka zako, hasa ile mesej ya kukuambia usikuje. Usifute. Watu wakishikwa na baridi wanafuta kila kitu, halafu miezi miwili baadaye mwenye kubaki na ushahidi ni HR peke yake.

Mdosi akisema "leta simu nione chati zako", unaweza kukataa kwa heshima. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mawasiliano yako. Laptop na imeili ya kampuni ni stori ingine, soma mkataba wako. Na akisema "nakukata ngiri tano ya hiyo posti", muulize anakata chini ya gani. Makato yenye yanaruhusiwa yako sehemu ya 19, na faini ya stetasi sijaiona hapo. Hata ukifutwa kihalali, siku zenye umefanya lazima zilipwe, na lazima upewe cheti cha kazi.

Kuna kitu kingine kinaniuma nikikiandika. Ile sehemu ya 46 inalinda pia mtu mwenye ameripoti mwajiri wake. Salo ikichelewa ukaenda ofisi ya leba ukaandikisha malalamiko ya kweli, hiyo haiwezi kuwa sababu ya kukufuta. Ukiandika maneno hayo hayo kwa stetasi, huna hiyo ngao.

Inaniuma juu ile stetasi ya magorofa ilikuwa yangu. 2021, nilikuwa nimewacha campo mwaka wa pili juu ya fee, nikapata job kwa duka moja la vifaa vya umeme hapo tao. Ngiri 18 kwa mwezi. Salo ilikuwa imechelewa mara ya tatu, nikaandika hivyo, nikalala. Niliitwa Jumamosi. Kwa meza kulikuwa na barua mbili zimeshaprintiwa, moja ya kunifuta, ingine ya mimi kujiuzulu. Mdosi akasema, na alikuwa mpole kabisa, "Chagua, kijana. Ukisaini hii ya kujiuzulu nitakuandikia barua nzuri ya kutafutia kazi."

Hakuna mtu alikuwa na mimi hapo ndani. Hakuna mtu aliniuliza nilimaanisha nini. Nilisaini kwa kama dakika tatu, nikasema asante. Hiyo barua nzuri sijaiona hadi leo, na cheti cha kazi pia sikupewa.

Ukiresign umejifungia mlango mwenyewe, karibu. Unaweza bado kusema ulilazimishwa, lakini wewe ndio utakuwa na kazi ya kuonyesha hivyo. Kama unawekewa hizo karatasi mbili, usisaini hapo hapo. Omba siku moja. Omba kikao na mtu wako. Akikataa kukupa, hilo jibu lake liandike tarehe na saa.

Na angalia kalenda. Malalamiko ya leba ni ndani ya miezi 3 tangu ufutwe. Korti ni miaka 3.

Kopi ya barua yangu bado iko kwa droo ya keja. Imeandikwa 14 Agosti 2021. Hiyo ya miaka 3 nilikuja kuijua Oktoba 2024, nikimsaidia beshte yangu kusoma barua yake.

Yeye alikuwa amefutwa wiki mbili tu. Tulienda leba Jumatatu.