Masisi na Walikale: Kidonda cha moyo kisingoje mpaka Goma

Hapa kwetu mtu akipigwa risasi, vijana wanambeba kwenye kipoyi mpaka hospitali. Hakuna anayeuliza kwa nini. Lakini mama aliyeona nyumba yake ikiungua, anayeshtuka usiku kila moto inapopita, huyo tunamwambia avumilie. Wengine wanasema amerogwa.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilieleza kwamba mtu 1 kati ya 5 waliopitia vita katika miaka 10 iliyotangulia ana tatizo la afya ya akili. Na sisi vita yetu imepita miaka 10 zamani. Mwezi wa kwanza 2025 mapigano yalifika Masisi-centre, mwezi wa tatu yakafika Walikale-centre. Waliokuwa wamekimbia mara tatu, walikimbia tena.

Ni kweli, Goma kuna kituo cha Tulizo Letu kinachotibu wagonjwa wa akili, na kazi yake ni ya maana. Lakini mkimbizi wa ndani aliye Nyabiondo au Pinga atafikaje huko? Shamba lake aliliacha. Sasa analima la mwingine kwa kibarua, jioni anapewa franka kidogo au mihogo. Siku asipolima, watoto wanalala njaa. Pesa ya safari ataitoa wapi?

Kwa maoni yangu, matibabu ndiyo yamfuate mkulima. Kila kituo cha afya kiwe na muuguzi aliyefundishwa kutambua magonjwa haya, pamoja na dawa zake. Apokee watu siku ya soko, au alasiri wakitoka shamba.

Pia tuwafundishe mama wazee wa vijiji na kambi. Nchini Zimbabwe daktari Dixon Chibanda alianza hivyo mwaka 2006: bibi anakaa na mgonjwa kwenye benchi, anamsikiliza, wanatafuta njia pamoja. Utafiti uliotoka 2016 ulionyesha kwamba waliosaidiwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mabibi wenye hekima tunao hata sisi.

Wapo watakaosema: tuleteeni amani kwanza. Nawaelewa, maana bila amani kidonda kinafunguka tena. Lakini asiyelala wiki nzima hawezi kulima wala kulea, na watoto wake hawawezi kungoja mazungumzo yaishe.

Kwa hiyo viongozi wa zoni za afya na mashirika, mnapohesabu mahema na unga, hesabuni pia wauguzi wa akili. Nasi ndugu wasikilizaji, mwenzetu akibadilika tusimfunge kamba wala kumficha. Tumsikilize, kisha tumsindikize kituo cha afya kilicho karibu. Tunayembebea kipoyi kwa sababu ya risasi, tumbebe pia kwa sababu ya moyo.