Majitaka ya Gisenyi na Goma yanahitaji mpango mmoja

Mchuuzi anayevuka Petite Barrière na beseni la nyanya huonyesha kitambulisho na kukaguliwa. Majitaka ya miji hiyo miwili hayakaguliwi na yeyote, na yote huishia Ziwa Kivu.

Rubavu, wilaya yenye mji wa Gisenyi, ni mojawapo ya miji sita ambayo Rwanda iliichagua ikue kuipunguzia Kigali mzigo. Hoteli zinazidi ufukweni. Ng'ambo iko Goma, kubwa zaidi mara nyingi. Yote miwili imekua bila mtandao mkuu wa majitaka, na ardhi yenyewe ni ngumu: mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipasua Goma hadi ziwani. Kuchimba mwamba huo ni gharama, kwa hiyo mashimo ya vyoo huwa mafupi, na nyufa za mawe hupitisha uchafu. Ndiyo maana naona mpango uanze na magari ya kunyonya vyoo na mahali pa kumwaga, kabla ya ramani za mabomba.

Wapo wanaosema ziwa hili ni refu, litameza. Kina chake ni karibu mita 480, kweli, lakini oksijeni ipo tabaka la juu tu, takriban mita 60. Chini yake ni gesi. Sambaza hawaishi huko. Maji hayohayo watu wa Goma huyachota kwa madumu. Yanayotoka ziwani hufuata Rusizi hadi Tanganyika, jirani na Bujumbura.

Mfanyabiashara anajua ugonjwa unavyofunga njia. Agosti 1, 2019 Rwanda ilifunga mpaka kwa saa kadhaa kwa sababu ya Ebola iliyoingia Goma. Machi 2020 ikaja korona, na safari hiyo haikuwa saa. Kipindupindu, ambacho Goma inakifahamu tangu maafa ya wakimbizi ya 1994, hupitia kinyesi na maji.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na lori la bidhaa lina taratibu zake za kuvuka. Gari la majitaka nalo lipewe kibali, limwage kwenye bwawa la kusafishia lililo karibu, upande wowote. Mwenye hoteli anaweza kujenga mtambo wake. Muuza mboga anategemea choo cha sokoni, na ushuru anaolipa kila siku ungetosha kuanzia ratiba ya kukinyonya.